Masta ya usanifu: usichague picha ya mji

Wandugu, wengi wetu tunachagua masta ya usanifu wa majengo kwa sura ya mji: Kigali ni safi, Kinshasa kuko watu wa kujua. Ile sababu haitoshi. Kila mji unafundisha taabu yake. Kinshasa, kwenye ISAU, mchanga na mmomonyoko viko mlangoni. Rwanda, hospitali ya Butaro ya 2011 ilijengwa na mawe ya volkano, sawa yale tunakanyagaka Goma, kwenye lava iliingia mjini 2002, ikasimama pembeni 2021. Mbele ya kulipa minervali, uliza: atelie yao inajenga na nini, na kwa nani? Kama jibu haligusi kwenu, ile diploma itakufundisha kuhama tu.