Klasema haionyeshi safari
Mie huku Munigi naona kusoma klasema ya Linafoot peke yake ni kama kusoma mavuno bila kuuliza mvua. Enzi za zone tatu, Virunga na Dauphin Noir walianza na majirani: Muungano na Dawa wa Bukavu, Nyuki wa Butembo, Maniema Union wa Kindu. Walio bora walivuka pleyofu. Wengine msimu uliishia hapo. Bukavu unapanda bato, Ziwa Kivu. Lakini Kinshasa ni ndege tu, na kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa Januari 2025. Ekipe isipofika ni forfe, 3-0, wachezaji hawajagusa hata mpira. Halafu tunaambiwa Mashariki hakuna kiwango. Wahesabu kwanza bei ya tiketi, njo waongee.