Mashoto Wawili Mfululizo: Bei Waliyolipa Phillies 2009

Fainali ya besiboli ya Marekani, World Series, ya mwaka 2009 ilimalizika usiku wa tarehe 4 Novemba mjini New York. Yankees walishinda mchezo wa sita 7–3 na kutwaa ubingwa dhidi ya Phillies ya Philadelphia. Sifa za usiku ule zilimwendea Hideki Matsui, aliyesababisha mikimbio (pointi) 6 peke yake, na alistahili. Lakini anayetaka kujua jinsi orodha ya wapigaji inavyopangwa, na inavyoweza kuwageuka walioipanga, amtazame mtu mwingine: Damaso Marte, mrushaji wa Yankees wa mkono wa kushoto.

Marte aliingia awamu ya saba, Phillies wakiwa na watu vituoni na auti mbili tayari. Akamtoa Chase Utley kwa straiki tatu, na awamu ikaisha. Akarudi awamu ya nane, akamtoa Ryan Howard vilevile. Kisha kocha wake, Joe Girardi, akamtoa na kumwita Mariano Rivera amalizie. Wapigaji wawili, auti mbili, kazi imekwisha. Utley ni mashoto, Howard ni mashoto, na kocha wa Phillies, Charlie Manuel, alikuwa amewaandika mfululizo: Utley wa tatu, Howard wa nne.

Tuanze na sababu ya mkono kuwa na uzito kiasi hicho. Mrushaji wa kulia anapoachia mpira, mpigaji wa kushoto anauona mapema, na ule wa kupinda unamjia kuelekea mwilini, mahali gongo linapoweza kuufikia. Mpigaji wa kulia anauona ukichomoza kama nyuma ya bega lake, halafu unapinda na kumkimbia. Ukibadilisha mkono wa mrushaji, faida nayo inahama. Mashoto ndio wanaoumia zaidi wanapokutana na mashoto mwenzao, kwa kuwa warushaji wengi ni wa kulia. Mpigaji wa kushoto hukua akiona mpira wa kulia siku zote, na ule wa kushoto mara chache tu.

Sasa tuje kwenye orodha. Wapigaji tisa hufuatana kwa zamu isiyobadilika, na kama kwenye soka, aliyetolewa harudi. Kocha huikabidhi orodha kabla ya mchezo, wakati mpinzani wake anabaki na warushaji wa akiba anaoweza kuwaita wakati wowote usiku ule. Mmoja amekwisha kufunua karata, mwingine bado ameshika zake. Ndiyo maana ya kuchanganya kushoto na kulia. Mpangilio haumfundishi Howard kupiga mpira unaopinda. Unachofanya ni kumpandishia mpinzani gharama ya kumpata mrushaji anayemtaka.

Kwa sheria za wakati ule, mrushaji wa akiba angeweza kuingia, akakabili mtu mmoja tu, akatoka. Mashoto wawili wakifuatana, kocha mpinzani hutumia mkono mmoja wa kushoto kwa wote wawili. Ukiweka mpigaji wa kulia katikati yao, anabanwa: ama amwache mrushaji wa kushoto akutane na mpigaji wa kulia anayemmudu, ama amtoe na kuleta wa kulia, kisha alete wa kushoto mwingine kwa mashoto wa pili. Warushaji watatu kwa wapigaji watatu, katika kikosi cha watu 25. Wachache wanaimudu gharama hiyo usiku baada ya usiku.

Manuel aliyajua haya, na alikuwa na hoja. Howard alimaliza msimu wa 2009 na homurani 45 (mipigo ya kuzunguka vituo vyote) na mikimbio 141 aliyoisababisha. Utley alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa ligi. Ukiwaweka pamoja dhidi ya mrushaji wa kulia, ambaye ndiye unayekutana naye siku nyingi, unampa kazi nzito mara mbili bila pumzi. Wiki mbili hivi kabla ya fainali hiyo kuanza, tarehe 12 Oktoba, faida yake ilionekana wazi. Katika hatua ya awali ya mtoano, Phillies walikuwa nyuma 4–2 dhidi ya Rockies ya Colorado, awamu ya tisa, auti mbili. Kocha wa Rockies, Jim Tracy, alimwacha Huston Street, mrushaji wake wa kulia wa kumalizia mechi, awakabili wote wawili. Utley akapata kituo bila kupiga, Howard akagonga dabo (mpigo wa vituo viwili) iliyosawazisha, na Jayson Werth, mpigaji wa kulia aliyefuata, akaleta mkimbio wa ushindi. Palepale mpangilio wa Manuel ulilipa.

Tofauti ni kwamba Yankees walikuja na mikono ya kushoto ya kutosha. CC Sabathia na Andy Pettitte walianza michezo minne kati ya sita, na nyuma yao walikuwepo Marte na Phil Coke. Howard alipiga kwa wastani wa .174 na kutolewa kwa straiki mara 13, rekodi ya World Series wakati huo.

Hata hivyo, mwenye kudhani mkono unaamua kila kitu aangalie takwimu za Utley. Alipiga homurani 5, akaifikia rekodi ya Reggie Jackson ya 1977, na nne kati ya hizo ziliwatoka warushaji wa kushoto: tatu kwa Sabathia, moja kwa Coke. Howard mwenyewe alimpiga Pettitte homurani katika mchezo uleule wa sita. Na Matsui, mashoto, Phillies walipomletea J.A. Happ wa kushoto awamu ya tano, alimgonga dabo iliyoingiza watu wawili. Mkono ni uwezekano. Mpangilio mzuri hufanya uwezekano mbaya ujitokeze mara chache, lakini hauwezi kuufuta.

Linganisha na orodha ya Yankees ya mchezo huo wa sita. Derek Jeter, kulia. Johnny Damon, kushoto. Mark Teixeira, anapiga pande zote mbili. Alex Rodriguez, kulia. Matsui, kushoto. Jorge Posada, pande zote. Robinson Canó, kushoto. Nick Swisher, pande zote. Brett Gardner, kushoto. Mashoto halisi wanne, na hakuna wawili waliokaa jirani. Kila pengo limezibwa na mtu wa kulia au anayebadilisha upande kulingana na mrushaji. Girardi hakuhitaji kumshusha nyota yeyote ili kupata mchanganyiko huo. Aliutengeneza kwa kuwatumia wapigaji wa pande mbili kama viungo.

Je, Manuel angeweza kufanya vivyo hivyo? Wazo la haraka ni kumweka Werth, mwenye homurani 36 msimu ule, katikati ya Utley na Howard. Haliponyi. Aliyemfuata Werth alikuwa Raúl Ibañez, naye ni mashoto, kwa hiyo Howard angetengana na Utley na kuangukia kwa Ibañez. Tatizo lingehama nafasi moja tu.

Dawa ilikuwa juu zaidi. Jimmy Rollins, wa kwanza, na Shane Victorino, wa pili, wote walipiga pande zote mbili, na Manuel aliwatumia wote kabla ya kufika kwa mashoto. Angebadilishana Victorino na Utley, orodha ingesomeka hivi: Rollins, Utley, Victorino, Howard, Werth, Ibañez. Hakuna mashoto wawili jirani, Howard anabaki wa nne, na Victorino, aliyekuwa mkali zaidi anaposimama kulia, anakuwa adhabu kwa mrushaji yeyote wa kushoto aliyeletwa kwa ajili ya Utley.

Gharama ni ndogo. Ukishuka nafasi moja katika orodha ya watu tisa, unapoteza takribani zamu 18 za kupiga katika msimu wa michezo 162. Katika fainali ya michezo sita, haifiki hata zamu moja. Kilichokuwa cha kupoteza ni kuwa na mpigaji dhaifu kiasi mbele ya Howard, na hilo lingevumilika.

Tangu 2020 sheria imebadilika. Mrushaji wa akiba sasa lazima akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya awamu. Akimaliza awamu na kurudi inayofuata, lazima afikishe watatu kwa jumla. Kwa sheria hii Marte, baada ya Howard, angelazimika kumkabili Werth. Wengi walidhani kuchanganya mikono kumepoteza maana. Hesabu inasema vingine. Mashoto, mashoto, kulia: mrushaji wa kushoto ana wapigaji wawili anaowapenda kati ya watatu. Mashoto, kulia, mashoto: bado wawili. Ni pale tu unapoweka wa kulia wawili katikati ndipo anabaki na mmoja. Zamani kutenganisha kwa mtu mmoja kulitosha kumaliza akiba ya mpinzani. Leo, kocha anayetaka kumfungia mpinzani mlango katikati ya awamu anahitaji umbali wa watu wawili.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa Manuel ni ya nusu. Kuwaamini Utley na Howard ilikuwa sahihi, na bila wao asingefika fainali. Kosa lilikuwa kuwatumia wapigaji wake wawili wa pande zote mwanzoni mwa orodha, mahali ambapo hapakuwa na mashoto wa kutenganisha, wakati akijua Yankees wana warushaji wa kushoto wa kuanza na wa akiba. Kocha anayepanga orodha leo aanze na mashoto wake, aweke viungo kati yao, kisha ndipo ajaze nafasi zilizobaki.