Nyota Ndiyo Hakimu wa Kioo

Muuzaji wa darubini atakusifia ukubwa wa kioo na uzuri wa bomba. Mwache aseme, wewe ngoja giza liingie. Darubini ya kuakisi hupimwa kwa nyota moja, isiyong'aa kupita kiasi, iliyo karibu na utosi. Huku kwetu kwenye ikweta, katikati ya Januari saa nne usiku, nyota ya kati ya zile tatu za mshipi wa kundinyota la Jabari inafaa sana.

Itoe darubini nje saa nzima kabla. Kioo chenye joto huifanya nyota ichemke kama maji sufuriani, na hapo hata kioo bora utakiona kibovu.

Weka lenzi ya jicho inayokuza mara 150 hivi, kisha sogeza fokasi kidogo mpaka nyota ifumuke na kuwa duara lenye pete ndani yake, mfano wa viwimbi jiwe linapotumbukia kisimani. Doa jeusi la katikati ni kivuli cha kioo kidogo. Doa likiegemea upande, vioo havijalingana: gusa skrubu za nyuma ya kioo kikuu, robo mzunguko tu, urudishe nyota katikati, utazame tena. Duara likiwa na pembe tatu, vishikizo vimekibana kioo. Vilegeze hadi kipande cha karatasi kipite.

Kinachosumbua watu ni duara linapokuwa yai. Kabla ya fokasi nyota imelala hivi, ukiipita fokasi inalala kukingama. Zungusha lenzi ya jicho: yai likizunguka nayo, ubovu ni wa lenzi. Inamisha kichwa: likikifuata kichwa, ubovu ni wa jicho lako. (Mimi nilifungua na kufunga kioo mara tatu kabla ya kwenda kupimwa macho.) Likibaki palepale mara zote mbili, ndipo ushuku vioo.

Mwisho, linganisha pete za kabla ya fokasi na za baada yake. Kioo kimepoa, skrubu ziko sawa, na bado upande mmoja pete ya nje inawaka ilhali upande wa pili imefifia? Mbonyeo wa kioo umesagwa vibaya. Ndiyo maradhi ya darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990: ukingo wa kioo chake cha mita 2.4 ulisagwa bapa kupita kiasi kwa mikromita 2.2 hivi, na wanaanga wakapanda kuirekebisha Desemba 1993.

Wewe huna wanaanga. Usilipe.