Kuijua Marmite Nzuri kwa Jicho, Pua na Ulimi

Wengi wanaoikataa Marmite walipakiwa vibaya mara ya kwanza. Mwenyeji alichota kijiko kizima akakitandaza juu ya slesi, na mgeni akabaki na chumvi kali mdomoni asiweze kuonja kitu kingine. Mpako huu mweusi wa hamira una karibu gramu 10 za chumvi katika kila gramu 100. Kinachopimwa ni ladha inayobaki ulimini chumvi ikishapita, na ladha hiyo huonekana tu ukila kidogo.

Asili yake ni mabaki ya viwanda vya bia. Katika karne ya 19 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha kwamba hamira iliyokwisha kuchachusha bia inaweza kukolezwa ikawa chakula. Mwaka 1902 kampuni ya Marmite ikaanzishwa Burton upon Trent, mji wa Uingereza uliosifika kwa bia, na hamira ikapatikana pale pale kwenye kiwanda cha bia cha Bass. Hamira hutiwa chumvi na kupashwa moto, seli zake hufa, na vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuvunjavunja protini. Maganda huondolewa, maji hupunguzwa hadi ibaki rojo nzito, kisha huongezwa dondoo za mboga, viungo na vitamini. Protini zikivunjika hutoa glutamati, na hapo ndipo inapotoka ladha ya mchuzi wa nyama uliochemka saa nyingi, ingawa nyama yenyewe haimo.

Anza na jicho. Chovya ncha ya kisu, kisha kiinue taratibu. Marmite ya Uingereza hushuka kwa uzi mwembamba, mrefu, unaong'aa. Kwenye chupa ni nyeusi, lakini uzi huo ukiuelekeza kwenye mwanga unaona kahawia yenye wekundu. Ukihisi chembe ngumu chini ya kisu, chupa hiyo imekaa muda mrefu na kukauka. Vegemite ya Australia isihukumiwe kwa kipimo hicho. Cyril Callister aliitengeneza Melbourne, ikaingia sokoni mwaka 1923, na tangu hapo ni nzito, haimiminiki, na ina uchungu zaidi. New Zealand nako kuna Marmite ya kampuni ya Sanitarium, ambayo ni bidhaa nyingine kabisa yenye jina lile lile: ina sukari na karameli, na utamu wake unaonekana mapema. Mimi naona utamu huo unaifunika hamira, ingawa waliokua nao hawataki nyingine. Tetemeko la ardhi liliposababisha kiwanda chake cha Christchurch kufungwa, ikaadimika madukani mwaka 2012 hadi ikarudi mwaka uliofuata.

Pua inataka uvumilivu. Harufu ya kwanza ni kali, ya hamira na chumvi. Subiri kidogo, kisha nusa tena: iliyo nzuri ina harufu ya mkate uliookwa vizuri, na nyuma yake mboga kwa mbali. Ikinukia kuungua tu, iache.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kikombe cha maji ya moto. Koroga nusu kijiko cha chai humo, unywe polepole. Maji hayana mafuta wala wanga wa kuficha kasoro. Chumvi itatangulia, uchungu mdogo ufuate, halafu ladha nono itande ulimini na kukaa. Chumvi ikiondoka na ladha ikaondoka nayo, umenunua chumvi yenye rangi.

Kwenye mkate, mpangilio ndio kila kitu. Tosti iwe ya moto. Paka siagi kwanza, tena usiionee choyo, uiache iyeyuke nusu. Ndipo utie Marmite kiasi cha punje ya haragwe na kuivuta kwa kisu hadi ijichanganye na siagi, mkate uwe na mabaka ya kahawia na sehemu nyingine zibaki njano. Mabaka hayo yana maana, kwa kuwa kila tonge huja na ukali tofauti. Boflo iliyokaushwa kikaangoni inaupokea mpako huu vizuri sana.

Jikoni ina kazi zaidi ya hiyo. Jibini na mayai huipenda. Mwandishi wa mapishi Anna Del Conte alikuwa na tambi za siagi na Marmite, na mwandishi mwenzake Nigella Lawson akazifikisha kwa wengi: siagi huyeyushwa, Marmite kidogo ikatiwa pamoja na maji ya tambi. Jaribu kijiko kimoja cha chai kwenye sufuria ya maharage au dengu, mwishoni, kabla hujatia chumvi. Mara nyingi chumvi haitahitajika tena.

Soma lebo kabla ya kununua. Imo shayiri, kwa hiyo asiyevumilia gluteni aiepuke. Imo pia seleri. Anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI asiile, kwa sababu ina tiramini. Kwa Mwislamu anayesita kwa sababu ya asili ya bia, Vegemite ina cheti cha halali.

Kama unanunua moja tu, nunua Marmite ya Uingereza, chupa ndogo, na uiweke kabatini. Friji huifanya iwe ngumu kupakika.