Jina Lililopotoka: "Jani la Ndoto la Afrika"

Wauzao dawa za asili katika Ulaya na Marekani wameipa mbegu ya Entada rheedii jina la "Jani la Ndoto la Afrika". Twapenda kulipima jina hili neno kwa neno, maana jina la dawa likipotoka, aumiaye ni mnywaji.

Kwanza, si jani. Ni mtambaazi mnene wa mwituni. Ganda lake huweza kufika urefu wa mita 2, na mbegu zake ngumu za hudhurungi hupata upana wa sentimeta 5 hivi. Pili, si wa Afrika peke yake, kwani humea Asia na Australia pia. Mbegu zake huelea, na bahari huzitupa pwani za mbali.

Neno la tatu, ndoto, ndilo zito. Yasemwa kwamba waganga wa kusini mwa Afrika hula kiini cha mbegu, au hukivuta pamoja na tumbako, wapate kuota na kusema na mizimu. Hatusemi kwamba ni uongo; lakini wauzaji huyakariri maneno hayo pasipo kutaja ni kabila gani, wala dawa hutengenezwaje. Tulinganishe na Waxhosa wa Afrika ya Kusini. Wao wana mzizi wa Silene undulata, waitwao undlela ziimhlophe, yaani njia nyeupe. Husagwa, hupigwa majini hata utoke povu, na mwanafunzi wa uganga hunywa chini ya uangalizi wa mwalimu wake, kisha humweleza aliyoyaota. Manton Hirst alieleza dawa hizo za ndoto mwaka 2005. Hapo pana kabila, pana jina, pana mwalimu. Walakini wauzaji wengine wauita mzizi huo nao kwa jina lile lile la mbegu!

Hapa ndipo penye hatari. Povu hutokana na saponini, ambayo huweza kuchoma tumbo na kutapisha. Miti ya jamii ya Entada hutumika kuwa sabuni, na hata kulevya samaki kama utupa. Kiasi kisichomdhuru mtu hakijathibitishwa. Basi mama mjamzito na mtoto wasipewe kamwe.

Sisi waalimu tuandikapo habari za dawa, tutaje watu wake, jina walilolipa wenyewe, na jinsi inavyotengenezwa. Asiyeweza kuyataja hayo matatu asimnyweshe mwenziwe.