Mikono Miwili ya Farrokh Bulsara: Piano, Mitindo Mingi na Swali la Msimamo

Wapo ndugu wanaodai kuwa mwanamuziki anayeruka kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine hana msimamo: leo opera, kesho disko, keshokutwa nyimbo za injili za Wamarekani Weusi. Kwa maoni yao, mtu wa namna hiyo ni mchuuzi, ametandika mkeka sokoni na kupanga juu yake kila kinachouzika. Wapo pia wanaoshikilia kinyume chake, kwamba msanii mkubwa hana mipaka, na kwamba kumwuliza kapiga wapi na kampigia nani ni kuingiza siasa pasipohusika. Madai yote mawili tumeyasikia katika mijadala ya makada na wanafunzi hapa Mungaa, na kila mara jina lililotajwa lilikuwa lilelile: Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Tumeona yafaa kuichambua kazi yake, maana siku hizi jina lake linapigwa picha na watalii kuliko muziki wake unavyosikilizwa.

Hapana budi kuanza na kinanda chenyewe. Baba yake, Bomi Bulsara, Mparsi mwenye asili ya Gujarati, alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar. Hakuwa kabaila mwenye mashamba ya karafuu, wala hakuwa mchukuzi wa bandarini. Alikuwa miongoni mwa tabaka lile la makarani ambalo ukoloni ulilihitaji ili hesabu zake ziende sawa, nalo likalipwa kiasi cha kutosha kuwasomesha watoto. Mtoto alipofikia umri wa miaka 8 alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, kusini-mashariki ya Bombay. Huko ndiko walimu walikogundua kipaji chake, akaanza kufundishwa piano kwa utaratibu wa Kiingereza, na akafaulu mitihani hadi daraja la 4, kwa vitendo na kwa nadharia.

Hapa tusimame kidogo. Utaratibu ule una madaraja 8. Kwa hiyo wanaomwita bingwa wa piano aliyesomea muziki wa kale wa Ulaya wanazidisha chumvi. Alifika katikati ya ngazi. Lakini ngazi nusu iliyopandwa vizuri ina faida yake. Alijifunza kusoma nota, kuuachia mkono wa kushoto ufanye kazi yake bila kuungoja wa kulia, na kusikia jinsi sauti moja inavyoibeba nyingine. Na shuleni hukohuko, angali mvulana, alikuwa na wenzake katika bendi iliyoitwa The Hectics, akipiga kwa vidole vilevile roki ya Marekani iliyokuwa ikivuma redioni. Mitindo mingi, basi, haikumjia ukubwani kwa ajili ya soko. Asubuhi mazoezi ya mwalimu, jioni roki ya wenzake: ndivyo alivyolelewa.

Swali la kitabaka haliwezi kuepukwa. Katika Zanzibar ya miaka ya 1950, ni watoto wangapi wa Ng'ambo waliowahi hata kuigusa piano? Kipaji hakina tabaka, lakini kinanda kinalo. Wakati huohuo mji ulikuwa na muziki wake mzito: Ikhwani Safaa ilikuwa ikipiga taarabu tangu 1905, na sauti ya Siti binti Saad, aliyefariki 1950, ilikuwa imekwisha kufika Bombay kwenye santuri kabla Farrokh hajazaliwa. Katika kazi zake zote muziki huo hatuuoni. Mwaka 1978 alifungua santuri ya Jazz kwa wimbo Mustapha, wenye mahadhi ya Mashariki na maneno yanayoiga Kiarabu. Tumeusikiliza kwa nia njema. Ni mzaha wa mtu mwenye kipaji, lakini ni mzaha. Mashariki yake ni ya pazia na mapambo, kama ile inayochorwa kwenye makopo ya biskuti. Bismillahi iliyomo ndani ya Bohemian Rhapsody nayo imewekwa kwa sababu inalia vizuri kinywani, basi.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliung'oa utawala wa Sultani, mwezi mmoja tu baada ya Waingereza kuupa uhuru wa bendera, na mwaka huohuo familia ya Bulsara ikahamia Feltham, magharibi ya London. Makada wengine hufurahi wakilisikia jambo hili, na wengine huona haya. Yote mawili hayana msaada. Mapinduzi hayakufanywa dhidi ya mvulana mpiga kinanda, wala hayakufanywa kwa kuzingatia kwamba yumo mjini. Walioondoka hawakuwa makabaila watupu. Mtunza fedha wa serikali iliyoanguka naye alifunga mizigo. Huko Uingereza kijana huyo alisomea uchoraji wa matangazo katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969, na kwa muda alikuwa na kibanda katika soko la Kensington akiuza mitumba. Hata London mitumba ilikuwa biashara ya mwenye njaa. Mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor, wakaanzisha Queen; John Deacon akaingia 1971.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwa maoni yetu miaka iliyo bora ya piano yake ni mitatu tu, 1974 hadi 1976. Katika Killer Queen ya 1974 anapiga kama mtu anayetembea kwenye kamba, mkono wa kushoto ukikatakata mapigo kwa wepesi wa nyimbo za kumbi za burudani za Uingereza. Katika Bring Back That Leroy Brown ya mwaka huohuo anaingia katika mitindo ya zamani ya Marekani. Bohemian Rhapsody, iliyotolewa tarehe 31 Oktoba 1975, inachukua dakika 5 na sekunde 55. Inaanza kwa sauti tupu, inaingia katika wimbo wa pole wa piano ambamo mkono wa kushoto unavuka juu ya wa kulia, inaingia opera ya kuchezea, kisha roki yenye ghadhabu, kisha inarudi kwenye piano na kuzimika. Ilikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9, ijapokuwa wenye biashara waliona ni ndefu mno kwa redio.

Wanaosema wimbo huo ni vipande vilivyoshonwa hovyo hawajausikiliza mkono wa kushoto. Piano ndiyo uzi. Kila mtindo mpya unapoingia, piano huwa imekwisha kuufungulia mlango, na roki inapokwisha, kinanda ndicho kinachorudisha upole wa mwanzo. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua ujenzi, na ndiyo hoja yetu dhidi ya ndugu wa mkeka: mchuuzi hupanga bidhaa ubavuni mwa bidhaa, na ukiondoa moja biashara haiharibiki. Ondoa kipande kimoja cha wimbo huu uone.

Lakini ulio bora zaidi, kwetu sisi, ni Somebody to Love wa 1976. Aliutunga akiwa ameathiriwa na Aretha Franklin na uimbaji wa makanisa ya Wamarekani Weusi. Anayesema katika wimbo ni mtu aliyechoka na kazi, mifupa inauma, anarudi nyumbani na ujira wake akiwa mpweke. Wanaume watatu, Mercury, May na Taylor, walirekodi sauti juu ya sauti mpaka wakawa kwaya nzima. Mwanakwaya yeyote wa Mungaa atatambua mara moja namna besi na tena zinavyoitikia, na jinsi mpigaji piano anavyowasubiri waimbaji badala ya kuwakimbiza. Katika wimbo huu mtindo wa wengine haukuvaliwa kama kofia. Aliusoma, akautumikia.

Jambo moja la uchumi lisitupite. Katika miaka hiyohiyo Queen walikuwa wamefungwa na mkataba wa kampuni ya Trident. Santuri zilikuwa zikiuzwa, nao wakilipwa mishahara midogo ya wiki. Mercury alipotaka piano kubwa, meneja Norman Sheffield alikataa. Hilo Sheffield mwenyewe alilisimulia baadaye katika kumbukumbu zake. Mfanyakazi anamletea tajiri faida huku ananyimwa nyenzo ya kazi! Mwaka 1975 walijitoa, na Mercury akatunga Death on Two Legs, wimbo wa matusi ambao mpaka leo unaunguza. Na mwaka 1989, katika santuri ya The Miracle, nyimbo zote ziliandikwa kwa jina la bendi nzima ili kumaliza ugomvi wa nani kapata nini. Walichukua karibu miaka 20 kufika hapo, nao walikuwa watu wanne tu.

Baada ya 1976 kinanda kinaanza kurudi nyuma. Crazy Little Thing Called Love ya 1979 aliitunga kwa gitaa, chombo ambacho hakukimudu vizuri, na kwa sababu hiyohiyo ikatoka nyepesi na safi. Hot Space ya 1982, iliyojaa disko, tunaiona dhaifu, si kwa sababu ni disko, bali kwa sababu humsikii mtu ndani yake. Na santuri ya Barcelona ya 1988, aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, sehemu kubwa ya piano alimwachia Mike Moran. Wengine huicheka santuri hiyo. Sisi tunaiheshimu. Mtu wa daraja la 4 alisimama karibu na sauti iliyosomea opera maisha yake yote, akaimba kwa sauti yake mwenyewe bila kujifanya yeye ni tena wa opera.

Tumefika penye mfupa. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, bantustani iliyopewa uhuru bandia na makaburu mwaka 1977. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeomba wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikuwa kimekataza wanachama wake kupiga huko, nacho kikawatoza faini. Walijitetea kuwa wanapinga ubaguzi, ila wao ni wanamuziki na humpigia kila anayetaka kuwasikia. Mwaka huohuo, huku kwetu, wakimbizi vijana wa Afrika Kusini walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mwenzao aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Tanzania, nchi maskini, ilikuwa inalipa gharama ya msimamo huo kila siku. Mtoto wa Unguja akaenda kuimba kwenye kasino ya upande wa pili.

Hatulisemi hili kwa chuki, na hatutaki lipunguzwe. Miezi 9 baadaye, tarehe 13 Julai 1985, mtu huyohuyo alikaa kwenye piano uwanja wa Wembley katika tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, na dakika zake 20 hivi zinahesabiwa miongoni mwa bora zilizowahi kuonekana jukwaani. Ukizitazama leo zinasisimua. Vidole vilikuwa vilevile, na wimbo wa kufungua ulikuwa uleule wa 1975. Kama mitindo mingi ingekuwa ndiyo ukosefu wa msimamo, basi Wembley ingekuwa na kosa sawa na Sun City. Kosa la Sun City halikuwa katika muziki hata kidogo. Lilikuwa katika tiketi, mahali na mwenyeji. Hapo ndugu wa upande wa pili, wasiotaka tuulize kampigia nani, nao hoja yao inakatika.

Mwalimu Nyerere aliligusa suala hili katika hotuba yake ya 10 Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na roki lakini hawajui ngoma za kwao. Makada hulikumbuka hilo. Wanalosahau ni kwamba katika hotuba hiyohiyo alionya dhidi ya taifa linalokataa kujifunza kutoka tamaduni nyingine. Mwaka uliofuata alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Kuchukua cha wengine hakukumtisha, maana alikichukua akiwa na lugha yake mkononi. Mercury alichukua cha kila mtu, lakini mahali alipozaliwa hapakumpa chombo cha kupokelea, wala yeye hakukitafuta.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, siku moja baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa anao. Mkoani Kagera ugonjwa huo ulikuwa umetambuliwa tangu 1983, na familia nyingi zilikuwa bado zinaficha jina lake. Mwaka 2006 vikundi vya kidini Zanzibar vilipinga sherehe ya siku yake ya kuzaliwa kwa kutaja mapenzi yake. Mwaka 2019 makumbusho yakafunguliwa Shangani. Katika ugomvi ule na katika ufunguzi huu, piano haikuzungumzwa sana.

Kwa vikundi vya mjadala tunapendekeza hivi: isikilizwe kwanza Somebody to Love, mara mbili, ya pili mkifuata mkono wa kushoto pekee. Kisha Mustapha. Kisha isikilizwe taarabu yoyote ya Ikhwani Safaa, na mwalimu wa kwaya aombwe aeleze ni kipi kati ya hivyo vitatu kinaweza kupigwa kwenye kinanda chake, na kipi kinakataa, na kwa nini.