Plagi, Petroli na Jicho la Fundi: Kupima Ubora wa Matunzo ya Injini Kongwe za Ndege

Ndege ndogo inapotoka hangani baada ya ukaguzi wa saa 100, mwenye nayo huuliza mambo mawili: inawaka, na ankara ni kiasi gani. Majibu ya maswali hayo hayamwambii kama kazi imefanywa vizuri. Injini ya pistoni ya ndege ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikizima nyingine iendelee. Ulinzi huo huo huficha kazi mbovu, kwani injini itawaka na kuunguruma hata plagi kadhaa zikiwa zimechoka. Anayetaka kujua ubora wa kazi aangalie namna fundi anavyosoma alichokikuta kabla hajakisafisha, kisha aangalie alichokikataa.

Injini iliyozoea mafuta mengine

Chukua Lycoming O-320-E2D, injini ya nguvu farasi 150 iliyofungwa kwenye Cessna 172 nyingi hadi mwaka 1976. Ilibuniwa kutumia petroli ya 80/87, ile nyekundu. Siku hizi inapewa 100LL, ya buluu, ambayo inaruhusiwa kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita, takriban mara nne ya ile ya 80/87. Petroli hiyo hutiwa pia kemikali yenye bromini, inayoigeuza risasi kuwa mvuke ili itoke na moshi. Lakini kemikali hiyo inahitaji joto. Ncha ya plagi isipofika karibu nyuzi 430 za Selsiasi, risasi huganda pale pale.

Mwinuko wa uwanja nao unachangia. Wilson, Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Rubani anayesubiri zamu ya kuruka huku mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa ukiwa umesukumwa hadi mwisho anaimwagia injini mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Masizi hujijenga juu ya risasi, na injini huanza kumisi. Ndiyo maana fundi mzuri hazungumzi na plagi peke yake. Humuuliza rubani anavyoiendesha ndege ikiwa ardhini.

Kusoma kabla ya kusafisha

Ukiingia hangani ukakuta plagi nane zimelala pamoja kwenye kopo la petroli, jua ushahidi umeshaoshwa. Fundi makini huwa na trei yenye matundu yaliyoandikwa namba ya silinda, juu na chini, na kila plagi hukaa kwenye tundu lake tangu inapofunguliwa. Hapo ndipo anapoinama na tochi.

Kahawia iliyopauka ni afya. Masizi meusi makavu ni mafuta kuzidi hewa. Vipunje vigumu vya kijivu, kama punje za ulezi zilizokwama chini ya kauri, ni risasi, na mara nyingi vinajaa kwenye plagi za chini. Oili kidogo kwenye plagi ya chini si ajabu, kwa sababu silinda za injini hii zimelala na oili huteremka. Plagi ya juu iliyolowa oili ni habari nyingine: hapo panatakiwa kupimwa mgandamizo, na kuchunguzwa ringi na miongozo ya valvu. Kauri iliyopata utando wa kioo inaonyesha kwamba mchanga umeingia ndani ukayeyuka. Kwa ndege inayotua kwenye viwanja vya vumbi, dalili hiyo inampeleka fundi moja kwa moja kwenye filta ya hewa na mpira unaoizunguka.

Jambo la kuzingatia zaidi ni plagi iliyotofautiana na wenzake. Zote nane zikiwa nyeusi, tafuta sababu kwenye kabureta au kwa rubani. Moja tu ikiwa nyeusi, tafuta sababu kwenye silinda hiyo, waya wake au plagi yenyewe.

Kusafisha, kupima, kukataa

Risasi hutolewa kwa kifaa chenye ncha kinachotetemeka, taratibu, ndipo plagi ipulizwe kwa chembe za kusugulia kwa muda mfupi. Brashi ya waya inayozungushwa na mota haina nafasi hapa. Huacha chuma juu ya kauri, na cheche hupata njia ya mkato. Kupuliza kupita kiasi nako hula elektrodi na kauri. Kwa hiyo usivutiwe na mng'aro wa plagi.

Baada ya hapo vipimo. Mwanya wa elektrodi kwa kawaida ni inchi 0.016 hadi 0.021, yaani milimita 0.41 hadi 0.53, na hupimwa kwa geji ya waya wa mviringo. Geji ya bapa hudanganya kwa sababu uso wa elektrodi una mviringo. Elektrodi za pembeni husogezwa kuelekea ndani tu. Fundi akizidisha kisha akajaribu kuzirudisha nje, anaweza kupasua kauri bila kuona. Ukinzani wa plagi ukizidi omu 5,000, mafundi makini huiweka kando. Elektrodi ya kati iliyokuwa duara ikawa na umbo la yai, au iliyoliwa hadi nusu ya unene wake, imemaliza kazi.

Plagi iliyoanguka chini hairudi kwenye injini, hata kama ni mpya kabisa. Ufa mdogo kwenye kauri huweza kupata joto la kuwasha mafuta kabla ya cheche, na mwako wa namna hiyo hutoboa pistoni ndani ya muda mfupi. Hangani pawepo chombo cha plagi zilizokataliwa, na fundi aweze kukueleza kila moja ina kosa gani.

Wakati wa kurudisha, kila plagi hupata washa mpya ya shaba. Grisi ya kuzuia kukwama hupakwa kidogo kwenye uzi, mbali na ncha, maana ikiteremka hadi kwenye elektrodi itaharibu cheche. Lycoming hutaka nguvu ya pauni-inchi 420 kwenye toki renchi. Injini nyingi za Continental hutaka 300 hadi 360. Fundi anayekaza kwa kukisia anabahatisha uzi wa silinda yako. Plagi pia hubadilishwa nafasi, ya chini kwenda juu na kwenda silinda inayofuata katika mpangilio wa kuwaka, ili zichakae kwa usawa.

Mafuta: pale maji yanapojificha

Kwenye mfumo wa mafuta, kazi nzuri huanza juu ya bawa. Mifuniko ya tangi iwe na mipira laini isiyopasuka. Cessna 182 na 206 za zamani zina matangi ya mpira ndani ya bawa, na mpira huo ukikunjamana, maji hukwama nyuma ya mikunjo na hayafiki kwenye tundu la kutolea sampuli. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu hatari hiyo mwaka 1984. Fundi anayelijua tatizo huingiza taa na kioo ndani ya tangi, akapapasa sakafu yake.

Mrija wa hewa wa tangi nao ukaguliwe, kwa kuwa nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo, na tangi lisilopumua halitoi mafuta. Kikombe cha chujio lililo chini ya injini kifunguliwe, na kilichomo kionekane kwa macho: kutu, nyuzi, vipande vya mpira mweusi. Vipande hivyo maana yake kuna hozi inayooza kwa ndani ingawa kwa nje inapendeza. Doa la buluu kwenye kabureta ni petroli iliyovuja ikakauka. Boya, sindano na gasketi zichunguzwe.

Kwa ndege inayojazwa kutoka kwenye mapipa porini, tia tone la mafuta kwenye karatasi nyeupe. Petroli ya ndege hukauka na kuondoka. Mafuta ya jeti huacha alama ya grisi, na hayo yakichanganyika kwenye injini ya pistoni huiharibu angani.

Fundi akigusa mabomba au hozi, apime mtiririko. Kanuni ya usanifu kwa mfumo wa mafuta yanayoshuka yenyewe, kama wa Cessna 172, ni asilimia 150 ya mahitaji ya injini wakati wa kuruka. Kwa mfumo wa pampu ni asilimia 125. Mwombe akuonyeshe namba aliyoipata.

Jaribio ambalo mwenye ndege anaweza kulisikia

Kwenye Cessna 172M, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, kuzima magneto moja kusishushe zaidi ya mizunguko 125, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Kisha, kabla ya kuzima, vuta mkono wa mchanganyiko polepole injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Mizunguko ipande kidogo halafu injini ife. Ikipanda zaidi ya 50, kabureta inatoa mafuta mengi mno. Ikishuka papo hapo bila kupanda, inatoa machache. Na rubani naye atimize wajibu wake: ardhini aweke mizunguko 1,000 hadi 1,200; kabla ya kuzima apandishe hadi 1,800 kwa sekunde 15 hadi 20 kuchoma uchafu, arudi 1,200, akate mafuta.

Mwisho, fungua kitabu cha injini. Maneno "plagi zimesafishwa, mfumo wa mafuta umekaguliwa" hayamsaidii fundi atakayekuja. Kazi bora huacha namba: mgandamizo wa kila silinda, omu za kila plagi, mtiririko uliopimwa, kilichokutwa kwenye kikombe. Namba hizo zikilinganishwa na za ukaguzi uliopita, silinda inayodhoofika hujulikana ndege ikiwa bado iko chini, na abiria hawajapanda. Fundi anayekupa kumbukumbu za namna hiyo anastahili bei anayotaja.